Kopo la Udongo Mwekundu

Tulipomaliza arobaini ya Bibi, mimi na Shangazi Nuru tulibaki nyumbani kwake Bunju kupanga vitu. Nguo za kugawa tuliziweka kitandani, vyombo tukavipanga sakafuni, na vile ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini tukavirundika mlangoni vikatupwe. Huko mlangoni ndiko Shangazi alikolisukuma kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu, baada ya kulitoa chini kabisa ya kabati, nyuma ya mashuka ya wageni. Lilikuwa zito. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu uliokauka ukawa kama tofali, na nilipouchokoa kwa ukucha nikasikia harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nina miaka kumi, ya udongo, sabuni ya mche na kutu ya bomba.

Nikakaa chini pale pale katikati ya sufuria. Shangazi akadhani ni msiba umenirudia, akaniacha nilie. Mungu anisamehe, sikuwa namlilia Bibi. Nilikuwa namlilia mbwa.

Wenzangu mliolelewa kwenye nyumba kama yetu najua mmeshaguna. Mbwa? Ndiyo, mbwa. Sisi ni watu wa duka, wa asili ya Kiarabu, nyumba ya udi na mashuka meupe, na mbwa kwetu ni mnyama wa kupishana naye kwa mbali huku umekusanya nguo. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa madrasa hasa, wa kutangulizwa mbele wageni wakija. Lakini nilikuwa na mbwa. Ninalosimulia hapa sijamsimulia mtu, hata mume wangu.

Mbele ya nyumba Baba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, misumari, saruji, nondo, na sisi tuliishi nyuma. Mama alikuwa Maskati kikazi miaka ile, kwa hiyo nyumbani tulikuwa Baba, Bibi, Shangazi Nuru ambaye alikuwa bado hajaolewa, na mimi. Duka lilivunjwa mara mbili. Baba aliajiri mlinzi, na mlinzi akawa analala vizuri kuliko sisi tuliomwajiri. Ndipo jirani mmoja, mtu wa Songea, alipopewa uhamisho akatuachia mbwa wake. Baba alikwenda kwanza kumuuliza shehe, akaambiwa mbwa wa ulinzi hana neno, mradi akae nje na vyombo vyake visichanganywe na vya nyumba. Mbwa alikuja na jina lake kabisa. Aliitwa Meja.

Meja alikuwa wa rangi ya tangawizi, sikio moja limechanika, na roho yake ilikuwa mbaya. Hakumpenda mtu. Baba alimsukumia sahani kwa mpini wa fagio. Bibi alihamisha kamba ya nguo ikaenda upande wa pili wa uwa. Shangazi alikuwa akipita karibu na banda lake anasoma dua kwa sauti, na Meja anamjibu kwa kubweka, basi inakuwa kama wanagombana.

Mimi alinizoea kwa sababu ya kupe. Walikuwa wamejaa kwenye nyufa za ukuta wa banda lake, na wakitoka pale wanahamia kwake, masikioni, shingoni, katikati ya vidole. Siku moja nilimwona anajikuna sikio mpaka analia, nikamhurumia. Nikasogea, nikiwa tayari kukimbia. Akaniangalia. Nikamng'oa kupe mmoja, mnene kama punje ya kunde, nikamtumbukiza kwenye kizibo cha soda chenye mafuta ya taa. Meja akaniegemezea kichwa chote kwenye goti na kufumba macho. Tangu siku hiyo kila mchana, Baba akiwa dukani na Bibi amejilaza, mimi nilikuwa bandani na kizibo changu.

Nikimaliza, nilikwenda bombani nikanawa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo nililijua kwa kumwona Bibi akiosha sufuria ambayo Meja aliwahi kuilamba. Pembeni ya bomba palikuwa na kopo la udongo, na mimi nilijua ni la kusugulia masizi. Uwa wetu wote ulikuwa mchanga mweupe wa pwani, na udongo wa kwenye kopo ulikuwa mwekundu. Sikuwahi kujiuliza. Nilichota kila siku na wala sikujiuliza kwa nini haupungui.

Mwaka huo nilikuwa namaliza Juzuu ya Amma, na nilichaguliwa kuisoma mbele ya watu Ijumaa ya hafla ya madrasa. Bibi alishanishonea kanzu nyeupe na kununua halua ya wageni wake. Wiki tatu kabla ya hafla, ustadhi wetu, mtu mpole sana, alitufundisha tohara. Alisema mkono wenye najisi ya mbwa haushiki msahafu mpaka utoharishwe, mara saba, isipungue hata moja. Ni somo la kawaida, kila mmoja wenu amelisoma. Wengine waliandika kwenye daftari wakaendelea kuchekana. Mimi moyo ulinipasuka.

Kwa sababu kuna siku nilinawa mara tano tu. Baba aliniita dukani nimshikie mlango wa bati, nikakimbia, na niliporudi nikasahau. Hiyo siku nilishika msahafu jioni. Na kesho yake, na kesho kutwa. Katika akili yangu ya miaka kumi, kila nilichosoma tangu siku ile kilikuwa kimebatilika, aya juu ya aya, na ikijulikana nitanyang'anywa msahafu mbele ya watu na Bibi atakosa pa kuweka uso. Ningeweza kumuuliza ustadhi. Angecheka, angeniambia kunawa tena kunatosha, na mkono mkavu kwenye manyoya makavu hauna najisi hata kidogo. Haya nimekuja kuyajua mtu mzima. Siku ile niliamua peke yangu kwamba dawa ni moja, nisimguse Meja tena.

Nikaacha. Siku ya kwanza alinisubiri amenyoosha shingo. Nikapita mbali. Alivuta mnyororo mpaka ukakaza. Wiki ya pili hakuwa anauvuta tena, na mimi nilijipongeza, nikasema naye ameelewa. Nilikuwa mtoto mwema siku hizo, ninasali kwa wakati, mikono inanukia sabuni tupu. Huku bandani kupe walikuwa wanamla.

Kwanza aliacha kubweka. Kisha akaacha kula. Akawa anajilaza chini ya tangi la maji, mahali penye ubaridi, na ubavu unapanda na kushuka haraka haraka ijapokuwa hajakimbia popote. Asubuhi moja niliona doa kubwa kwenye mchanga mweupe, la rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nikadhani Baba amemwaga kikombe chake. Nikalifukia kwa mguu nikaenda shule. Niliporudi pakawa na jingine.

Baba naye hakuwa mtu wa kupenda mbwa, lakini mbwa asiyebweka hana faida kwa mwenye duka. Akampigia simu bwana mifugo.

Alikuja Jumatano asubuhi, na mimi nilikuwa nyumbani, likizo ilikuwa imeanza wiki hiyo. Bibi na Shangazi walikuwa wametoka alfajiri kwenda kuzika Mbagala. Bwana mifugo alikuwa mtu mzima, mwembamba, kofia ya pikipiki mkononi na mkoba wa ngozi begani.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Mgonjwa wetu yuko wapi?"

Hakumsogelea Meja. Alichuchumaa mbali kidogo akamtazama kwa muda mrefu, anavyopumua, macho yake. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka njano. Akauliza mkojo wake ukoje, ndipo nikakumbuka yale madoa ya chai, nikamwonyesha moja bichi. Akalichota kwa vidole, akaupekecha mchanga.

"Mzee, hii ni damu," akamwambia Baba. "Damu yake inayeyuka humo ndani, inatoka na mkojo. Nadhani ni homa ya kupe. Kuna vijidudu kupe anavitia, vinaingia kwenye damu na kuzipasua chembe zake, kama malaria inavyotufanya sie."

"Si umchome sindano tu?" Baba akasema.

"Kuna magonjwa mawili matatu yanafanana, na dawa zao tofauti. Nataka tone moja la damu ya sikioni nikaliangalie kwenye darubini. Halafu nataka kilo zake. Dawa hii ng'ombe anaivumilia, ila mbwa ukimzidishia inakwenda kichwani. Mizani unayo?"

Baba alikuwa nayo, ya sakafuni, ya kupimia misumari ya jumla.

"Vizuri. Sasa, nani anamshikaga huyu?"

"Hakuna," Baba akasema. "Sie tunamsukumia sahani kwa fagio. Huyu hana mtu, bwana."

Bwana mifugo akatikisa kichwa. "Lazima awepo mmoja anayemsikia. Mbwa mwenye damu kidogo namna hii hatakiwi kupigana. Akipigana, ile hewa kidogo iliyobaki kwenye damu anaimaliza. Nataka mtu amshike kichwa tu, amtulize, mie nimalize dakika moja." Akageuka kwangu. "Wewe binti, unamjua?"

"Simjui," nikasema. "Mie namwogopa."

Meja alikuwa amelala macho nusu. Aliposikia sauti yangu, mkia wake ukapiga mchanga. Mara mbili. Ulikuwa ni mkia mzito, wa mnyama aliyechoka, lakini ulipiga. Baba alikuwa anaangalia dukani kama kuna mteja. Bwana mifugo aliuona. Aliutazama mkia, akanitazama mimi, na mimi nikatazama kucha zangu.

Ikabidi atumie kamba. Waliitwa mafundi wawili waliokuja kununua misumari, wakapitisha kitanzi kwenye nondo za geti, wakamvuta mpaka kichwa kikabanwa kwenye vyuma. Sikujua kama bado alikuwa na nguvu zile. Alipigana kwa miguu yote minne, mchanga unaruka, povu linamtoka, na sauti aliyotoa haikuwa ya kubweka. Bwana mifugo alipata tone lake, akalipaka kwenye kioo chembamba akakipunga kikauke. Mizani haikuwezekana. Walipolegeza kamba Meja alianguka upande, na bwana mifugo alimfunua mdomo kwa kijiti. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi.

"Nitarudi baada ya alasiri," akasema. "Asiguswe na mtu. Mpeni maji."

Mimi ndiye niliyempelekea maji. Nilisukuma bakuli kwa mpini wa fagio, kama Baba. Kwenye sikio lake zuri niliwaona kupe wamejipanga kama mbegu kwenye boga, labda wale wa wiki tatu zote. Mkono uliniwasha kuwang'oa. Nikakumbuka Ijumaa, nikaondoka.

Alasiri bwana mifugo alirudi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwambia Baba ameviona, vimekaa viwili viwili ndani ya chembe za damu kama punje za ufuta, na ni vingi. Dawa alikuwa nayo, unga wa njano ndani ya chupa ndogo, akauchanganya na maji mbele yetu na kuutikisa.

"Nikueleze ukweli, mzee. Nisipomchoma, hafiki kesho kutwa. Nikimfunga tena kama asubuhi, anaweza kunifia mkononi. Ya usingizi sina, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu. Akipatikana wa kumshika akatulia, nina matumaini naye. Wengi nimewaona wakiamka."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mifuko ya saruji, na alijua nipo. Akaja mpaka pale. Akainama, akasema taratibu, lakini Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

"Binti, sikuulizi kwa ubaya. Huyu mbwa anakujua. Njoo umshikie kichwa."

Nataka mnielewe, nilikuwa na kila kitu. Nilikuwa na mikono, nilijua mahali anapopenda kukunwa, chini ya lile sikio lililochanika. Nilijua nikimwekea goti atafumba macho. Na nilikuwa nimeshaelezwa wazi, kwa Kiswahili chepesi, kwamba bila mimi atakufa. Hakuna kitu ambacho sikukifahamu. Nilimwangalia Baba, naye akaniangalia kwa mshangao tu, wala hakuwa na hasira. Nikaiona ile kanzu nyeupe na halua na wageni wa Bibi.

"Namwogopa," nikasema.

"Muache mtoto," Baba akasema. "Watoto wetu hawashiki mbwa."

Wakaleta kamba. Safari hii Meja hakupigana sana, ila alipigana vya kutosha. Kilo zake zilikisiwa kwa macho. Sindano iliingia pajani, nusu ya dawa ya njano ikamwagika kwenye manyoya, bwana mifugo akajaza tena kidogo, anasitasita, hajui kilichoingia ni kiasi gani. Walipomfungua hakuinuka. Alikaa na mdomo wazi, ulimi umetoka, anavuta hewa kama mtu aliyepanda ngazi ndefu. Bwana mifugo alikaa naye kwa mbali mpaka jua lilipopungua, amejishika magoti. Kabla ya adhana ya magharibi aliinuka, akavaa kofia yake, akamwambia Baba pole. Mimi alinipita akaenda zake. Baba alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akamfukia Meja nyuma ya ukuta.

Bibi na Shangazi walirudi watu wameshasali. Bibi alisimama uani bado amevaa baibui, anaangalia mnyororo mtupu.

"Meja yuko wapi?"

Nikamweleza. Kupe, damu, bwana mifugo, kamba. Nilieleza vizuri kama mtoto anayetoa habari shuleni.

"Nani alimshika?" akauliza.

"Hakuna, Bibi. Walimfunga getini."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Aliniangalia usoni, kisha mikononi. Nikadhani ni uchovu wa msiba na safari ya Mbagala. Akaingia ndani. Asubuhi yake kopo la udongo halikuwepo bombani, na nikasema basi, siku hizi sufuria zinasuguliwa kwa steliwaya.

Ijumaa nilisoma. Sikukosea hata herufi moja. Watu walimpa Bibi mkono, halua ikaliwa ikaisha, na Bibi aliitikia pongezi zote vizuri kabisa. Kwenye picha ya siku ile nimesimama mbele yake na kanzu yangu, mikono nimeikunja, na yeye anaangalia pembeni. Siku zote nilidhani mpiga picha alimwahi.

Baada ya hapo sikuwahi kufuga mnyama. Niliwahi kumuuliza daktari mmoja wa mifugo kwenye harusi, kwa kujifanya naulizia mbwa wa jirani, kama mbwa mwenye mkojo wa rangi ya chai hupona. Akasema akiwahiwa na akatulizwa hupona, hata yule aliyeishiwa damu sana wakati mwingine hupona. Nilimshukuru nikaenda kuchukua pilau. Sikuweza kuila.

Haya yote yalinirudia nikiwa nimekaa kati ya sufuria za Bibi, kopo mapajani. Nikamwambia Shangazi, "Hili si lile lilikuwaga bombani, la kusugulia masizi?"

Shangazi alikuwa anakunja kanga. Akacheka kidogo. "Masizi gani na udongo mwekundu, we mtoto? Hilo lilikuwa lako."

"Langu?"

"Mama, huyu bibi yako, alikuona dirishani siku ya kwanza kabisa unamtoa kupe yule mbwa, halafu unajinawia kwa mchanga wa uani. Akaniambia, Nuru, nenda kule kwenye mihogo ukachimbe udongo safi, umwekee mtoto bombani. Kila Jumapili mie nachimba, yeye anauchekecha. Akanikataza nisikuseme, hata Baba yako asijue, usije ukaona haya ukaacha. Alikuwa anajivunia wewe. Anasema, huyu wangu ana huruma."

Nikamuuliza, na sijui kwa nini niliuliza, kuhusu ile siku waliyorudi Mbagala.

Shangazi akaacha kukunja. Alifikiri kwanza kama aniambie.

"Alikuja chumbani kwangu akakaa kitandani na baibui lake. Akasema, Nuru, mtoto alikuwepo." Akaiweka kanga juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja. "Basi. Halafu akatoka akaenda kulichukua kopo. Hakulizungumza tena mpaka tumemzika."

Tukaendelea kupanga. Tulipofika kwenye rundo la mlangoni Shangazi aliniuliza kama kopo nalo litupwe, na mimi nilikuwa bado nimelishika.